Nembo za koo za Kisangani zilisikika kabla ya kuonekana

KISANGANI – Simama dakika kumi kando ya barabara yoyote kubwa ya komine Makiso, uangalie pua za magari. Katikati ya toleka na pikipiki, haitachelewa kupita pickup au lori lenye almasi tatu zilizogusana kwa ncha. Ni Mitsubishi. Hata mtoto asiyejua kusoma anaitambua. Wengi wetu tunadhani alama hiyo ilibuniwa na wataalamu wa matangazo walioketi ofisini Tokyo. Sivyo. Ni nembo za familia mbili zilizounganishwa.

Yataro Iwasaki, aliyeanza biashara ya meli mwaka wa 1870, alikuwa mtu wa Tosa, kwenye kisiwa cha Shikoku kusini mwa Japan. Ukoo wake ulikuwa na nembo ya almasi tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Watawala wa Tosa, ukoo wa Yamauchi, walikuwa na nembo ya majani matatu ya mwaloni yaliyotoka kwenye kitovu kimoja. Weka almasi za kwanza katika mpangilio wa majani ya pili, utapata kile kinachopita mbele yako Makiso. Hata jina linasema hivyo hivyo: mitsu ni tatu, na hishi, inayotamkwa bishi katika neno hili, ni mmea wa majini ambao umbo lake Wajapani wamelifanya kuwa jina la almasi ya kuchorwa.

Niliingia katika habari hii kwa sababu ya aibu ndogo. Likelemba yetu ina watu kumi na wanne, na tulipotimiza mwaka wa kumi tuliamua kushona fulana. Kijana mmoja wa kompyuta alituletea nembo nzuri kabisa: mikono miwili inashikana ndani ya duara, rangi ya kijani na ya machungwa. Tulilipa, tukavaa, tukapiga picha. Wiki mbili hazikupita, mwenzetu mmoja akaiona nembo ile ile kwenye mfuko wa duka la dawa. Kisha tukaiona kwenye mlango wa ofisi ya mikopo. Kijana hakukataa. Alieleza kwamba aliitoa kwenye intaneti, kama wafanyavyo wenzake wote, na akashangaa kwamba tulitarajia kitu kingine kwa bei ile. Tuseme ukweli, kuhusu bei alikuwa na haki.

Wajapani wenyewe walipatwa na jambo la namna hiyo, tena mbele ya dunia nzima. Mwezi wa saba 2015 walitangaza nembo ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020. Mchoraji mmoja Mbelgiji akalalamika kwamba inafanana na alama aliyoichorea jumba la maigizo la Liège. Mchoraji wa Tokyo alikana kuiga, lakini kelele zilizidi, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa nembo ikaondolewa. Iliyochukua nafasi yake mwaka wa 2016, kazi ya Asao Tokolo, ni duara la vipande 45 vya buluu ya nili vyenye maumbo ya aina tatu tu. Tokolo aliitoa kwenye nakshi ya miraba ambayo Wajapani huiita ichimatsu, kwa jina la mwigizaji aliyeivaa jukwaani katika karne ya 18. Nakshi hiyo ni mali ya wote, na kila Mjapani ameiona kwa bibi yake. Usalama wa nembo ya pili ulitoka hapo: mchoraji alipoulizwa ameitoa wapi, alikuwa na jibu.

Nembo za koo za Japan huitwa kamon. Zilianza kati ya wakubwa wa ikulu, kama miaka 900 iliyopita, kwenye magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Penye magari mengi mlangoni, mtumishi alihitaji kujua lipi ni la bwana wake. Baadaye wapiganaji wakazitia kwenye bendera na ngao, maana katika vumbi la vita ni lazima umtambue mwenzako kwa mbali. Vita vilipoisha na amani ndefu kuanza mwaka wa 1603, wenye maduka, mafundi na waigizaji nao wakajipatia zao. Zilichorwa kwenye pazia la duka, kwenye taa ya karatasi, kwenye pipa la pombe, kwenye mgongo wa nguo ya arusi. Leo zimebaki maelfu.

Kilichonivutia si uzuri wake bali sheria zake. Kamon huchorwa kwa rangi moja. Ikiwa nyeusi juu ya nyeupe ni sawa. Ukiigeuza ikawa nyeupe juu ya nyeusi bado ni ile ile. Nyingi hutengenezwa kwa kompa na rula tu, ili jani au bawa la ndege liwe vipande vya duara vilivyokatana. Lazima isomeke ikiwa ndogo kama kifungo cha shati, kwa sababu nguo rasmi hubeba tano ndogo, kifuani, kwenye mikono na mgongoni. Na lazima isomeke ikiwa kubwa kama bendera. Tena jina la nembo ndilo maelekezo ya kuichora. Ukimwambia fundi “maru ni mitsu kashiwa”, umemwambia: duara, ndani yake majani matatu ya mwaloni. Hahitaji picha. Mafundi wawili wa miji miwili tofauti watatoa kitu kimoja.

Sisi tuna maelekezo ya namna hiyo kwa nembo moja tu, ile ya taifa. Katiba ya 2006 inasema kwa maneno: kichwa cha chui, kushoto pembe ya ndovu, kulia mkuki, vyote juu ya jiwe. Lakini zunguka ofisi za mji huu ukaangalie mabango. Utaona chui wa kila kabila la chui, mwingine anacheka, mwingine anafanana na paka wa jikoni. Maneno ya katiba ni mazuri. Mkono wa fundi haukuwekewa mpaka.

Wajapani walipoingia katika biashara ya viwanda, hawakuanza na ukurasa mweupe. Kikkoman, wanaotengeneza mchuzi wa soya, hutumia umbo la pembe sita, ambalo kwa Wajapani ni gamba la kobe. Shirika la ndege la Japan Airlines lina korongo aliyekunja mabawa yake kuwa duara. Waliwahi kumwondoa, kisha wakamrudisha mwaka wa 2011. Na wale mama zetu wanaobeba mikoba ya Louis Vuitton sokoni, ya kweli na ya uongo (zaidi ya uongo), wanabeba maua yaliyochorwa Paris mwaka wa 1896, wakati Wafaransa walipokuwa wamelewa vitu vya Japan. Watu wengi wa historia ya mitindo wanaona ndani yake mkono wa kamon.

Basi nikajiuliza swali ambalo msomaji labda amekwisha kujiuliza. Huku kwetu, kati ya mto na pori, ukoo ulijitambulisha kwa nini?

Jibu la kwanza linalokuja ni chale. Watopoke wa Isangi walijulikana mbali kwa chale za uso, nukta nyingi zilizopangwa kwa mistari, na wapiga picha wa enzi ya ukoloni waliziuza Ulaya kama kadi za posta. Jibu la pili ni chuma: liganda, ile pesa kubwa yenye umbo la kichwa cha mkuki, ndefu kupita mita moja na nusu, ambayo Walokele, Watopoke na Waturumbu waliitoa kama mahari. Umbo lake ukiliona mara moja hulisahau. Leo ni rahisi zaidi kuliona katika jumba la makumbusho la Ulaya kuliko Kisangani.

Lakini nembo ya ukoo hasa, inayomtaja mtu na wazazi wake, ile inayosema huyu ni nani na ametoka wapi, hapa haikuchorwa. Ilipigwa kwa ngoma.

Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi miaka mingi Yakusu, chini kidogo ya Kisangani kwa mto, alijifunza ngoma ya Walokele na mwaka wa 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Aliyoyaeleza wazee wa mto waliyajua bila kitabu. Kilokele ni lugha ya sauti ya juu na sauti ya chini. Ngoma ya mti uliochimbwa, ile ambayo kwa Lingala tunaiita lokole, ina midomo miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mpigaji hapigi maneno bali sauti zake. Kwa kuwa maneno mengi yana sauti zinazofanana, huongeza maelezo mpaka msikilizaji asipotee. Mwezi na kuku, kwa mfano, vinalingana kwa sauti katika Kilokele. Basi mwezi unaongezewa kwamba unatazama chini duniani, na kuku anaongezewa mlio wake.

Na kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Lilikuwa na sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la ngoma la baba yake, na kijiji cha mama yake. Likipigwa usiku, watu wa kijiji cha mbali waliosikia walijua anaitwa nani, mtoto wa nani, na wajomba wake ni watu wa wapi.

Linganisha na kamon. Nembo ya Kijapani kwa kawaida hufuata upande wa baba, ingawa katika sehemu za magharibi mwa nchi hiyo wanawake walikuwa na nembo iliyotoka kwa mama kwenda kwa binti. Jina la ngoma la Mlokele lilibeba pande zote mbili kwa pamoja. Pia halikuwa la ukoo mzima kwa ujumla, lilikuwa la mtu mmoja ndani ya ukoo. Hata rangi moja ya kamon iko pale: juu na chini, kama nyeupe na nyeusi. Mtu akichukua karatasi ya miraba ya mtoto wa shule, akatia nukta mstari wa juu kwa kila sauti ya juu na nukta mstari wa chini kwa kila sauti ya chini, amepata mchoro. Hakuna mwingine duniani mwenye mchoro huo isipokuwa mwenye jina. Unakatwa kwenye karatasi ngumu, unapigwa rangi kwenye bidoni ya mawese, unachomwa kwa chuma kwenye ubavu wa pirogi, unachapwa kwenye fulana. Haudai rangi nne wala mashine ya bei kali.

Sidai kwamba ni jambo jipya la ajabu. Nasema tu kwamba vijana wetu wa kompyuta wanapotafuta duniani alama isiyo na mwenyewe, babu zao walikuwa na alama zenye wenyewe.

Kuacha vitu hivyo bila mwangalizi kuna bei yake, na mkoa huu umekwisha kulipa. Mwezi wa kumi 1924, kampuni ya Citroën ilituma msafara wa magari kutoka Algeria kuvuka Afrika hadi Madagascar. Ulipita Uele, ulipita Stanleyville, yaani mji wetu huu. Kule Uele, kwa Wamangbetu, walimpiga picha mwanamke aitwaye Nobosudru, kichwa kirefu na nywele zilizofunguka nyuma kama kikapu. Picha ile ikawa uso wa msafara mzima na wa filamu yake iliyoonyeshwa 1926. Mchongaji Mfaransa François Bazin akatengeneza kichwa cha Mmangbetu kwa chuma, kiwe pambo la kuwekwa juu ya rejeta, kwenye pua ya gari. Mjapani aliweka nembo ya baba yake kwenye pua ya gari lake. Kwetu mwanamke wa Uele aliwekwa kwenye pua ya gari la mwingine, na wanunuzi wa Paris hawakuhitaji kujua jina lake.

Ndiyo maana sipendi sana ushauri unaosikika kila mara, kwamba wachoraji “warudi kwenye mila” na basi. Kurudi vipi? Ukifuata barabara ya taifa namba 4, kupitia Bafwasende na Nia-Nia hadi msitu wa Ituri, unafika kwa Wambuti, ambao wanaume wao hupiga gome la mti kwa nyundo mpaka liwe laini kama kitambaa, kisha wanawake hulichora kwa vidole na vijiti, kwa maji meusi ya tunda. Mwaka wa 1995 Georges Meurant na Robert Farris Thompson walitoa kitabu kikubwa juu ya michoro hiyo, na wachoraji wa Ulaya wanaisoma. Nimewaona vijana wa hapa wakichukua kipande kimoja cha mchoro kama huo, wakakikunja ndani ya duara, wakakifanya kifanane pande zote, wakasema ni nembo ya Kiafrika. Wamekiua. Uhai wa kazi ya wanawake wa Kimbuti ni kwamba mstari unaanza, unakatika, unageuka pasipotarajiwa, kama wimbo wao wa sauti nyingi. Duara ni la Wajapani. Cha kuazima kwao ni ile nidhamu ya kuuliza: alama hii itasomeka ikiwa ndogo? Itabaki ile ile ikichorwa na fundi mwingine? Ina jina? Nani ana haki nayo?

Swali hilo la mwisho si la kuchezea katika mji huu. Mwaka wa 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliua watu na kuleta wakimbizi wa ndani mpaka Kisangani. Baada ya mambo kama hayo, alama inayosema “mimi ni wa kabila fulani” inaweza kuwa hatari mlangoni au kwenye fulana. Mwenye duka ana haki ya kuogopa. Japan nayo ilipigana chini ya nembo zake. Zile almasi na majani yalikaa kwanza kwenye bendera za vita kabla ya kukaa kwenye malori. Lakini angalia walichochora: jani, bawa, wimbi, feni, gurudumu. Ni vitu ambavyo jirani naye anavyo nyumbani. Kwetu kuna vikapu vya Wagenia vyenye mdomo mpana vinavyotegwa kwenye maporomoko, kuna kasia, mche wa ndizi, kinu, mtego wa panya. Hivyo havina kabila la kugombana nalo.

Upo pia upande wa karatasi. Nchi yetu ina sheria ya mali ya viwanda tangu tarehe 7 Januari 1982, namba 82-001, inayolinda alama za biashara zilizoandikishwa kwenye wizara ya Viwanda. Mama anayeuza mawese Lubunga hatapanda ndege kwenda Kinshasa kwa ajili ya nukta kumi na moja kwenye bidoni. Hata hivyo Wajapani wa zamani hawakuanza na wizara. Walianza na daftari: vitabu vya nembo, ukurasa kwa ukurasa, kila moja na jina lake, ili fundi asimpe mteja wa pili nembo ya mteja wa kwanza. Daftari la aina hiyo linaweza kukaa kwenye meza ya mchoraji yeyote wa mabango wa Mangobo au Kabondo, kwa bei ya daftari la shule. Mpaka leo, katika vibanda nilivyoingia, sijaliona hata moja. Pale SOTEXKI, kiwanda cha pagne ambacho mji huu ulijivunia, mchoro wa pagne ulikuwa na mahali pake kazini. Mashine zilipopunguza mwendo, na desturi hiyo ilipungua nazo.

Turudi kwenye likelemba yetu. Baada ya aibu ile tulikubaliana kufanya fulana mpya. Kati yetu yupo mzee mmoja Mlokele, fundi wa pirogi, ambaye bado anajua jina lake la ngoma na la baba yake. Tulimwomba aipe likelemba jina la ngoma. Akakataa kwanza. Alieleza kwamba jina linahitaji baba na kijiji cha mama, na likelemba haina baba. Tulibishana mchana mzima juu ya hilo, chai ikapoa. Mmoja akataja mwalimu mstaafu aliyetuunganisha. Mwingine akasema huyo alikuja mwaka wa tatu. Mwishowe mama mmoja akakumbusha nani aliyeshika sanduku la kwanza, bila daftari, kichwani tu, na hakupoteza hata franga moja. Amekwisha fariki. Kijiji cha mama yake kiko mtoni, na mzee alikijua kijiji hicho.

Akapiga jina kwenye meza kwa viganja viwili, polepole, mara mbili. Kijana wetu wa kompyuta, yule yule, aliandika nukta kwenye daftari: juu, chini, juu juu, chini. Mtoto wa mzee, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, alikuwa amekaa pembeni. Alituambia kwamba hajawahi kumsikia baba yake akipiga jina lolote.

Fulana zilitoka Jumamosi, nyeupe, nukta nyeusi kwenye mfuko wa kifua, rangi moja tu. Tuliridhika sana. Mzee alishika yake, akaisogeza mbali na macho, akahesabu kwa kidole. Kisha akasema kwamba nukta ya nne tumeiweka juu, na inapaswa kuwa chini. Kama ilivyo sasa, ni jina la mtu mwingine. Tukamuuliza ni nani. Akasema hamjui, lakini huenda yupo.